Nyuma ya Mchoro wa Dobi

Katika jumba lile la maigizo watu wote walimwita Mashoto, hata meneja aliyeletwa juzi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kadi ya zahanati na mdomoni mwa dada yake siku akikasirika. Mwanamke huyu alikuwa fundi mkuu wa maleba, yaani mavazi ya jukwaani, na kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto: kukata, kushona, kupiga pasi, kumpungia mtu. Mkasi wake uliagizwa kwa ajili yake peke yake, makali yamegeuzwa, na mtu mwingine akiushika hutafuna kitambaa badala ya kukikata. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwibia mkasi, na kwa mafundi wa nguo hiyo ni neema isiyo na mfano.

Chumba cha maleba kilikuwa chini ya jukwaa. Unashuka ngazi kumi na moja, ya saba imelegea, kisha unasukuma mlango ambao haufunguki wote kwa sababu meza ya pasi imekaa nyuma yake. Mtu mnene huingia ubavu. Dirisha lilikuwepo, tusilisingizie, lakini lilitazama ukuta wa jirani, umbali wa shubiri moja, na nondo zake zilichomelewa enzi za meneja mmoja aliyeogopa wezi wa vitambaa. Mashoto alikaa humo tangu saa mbili asubuhi mpaka mwigizaji wa mwisho avue nguo. Aliwajua watu kwa nyayo zao zilizopita juu ya kichwa chake. Huyu anaburura mguu, yule anakanyaga utadhani anaua mende. Kwa miaka kumi na tisa makofi ya watazamaji aliyasikia kupitia darini.

Sasa uelewe utaratibu wa kazi yao, maana kisa kizima kimening'inia hapo. Mchezo mpya ukija, mbunifu wa maleba huchora kila vazi kwenye karatasi nene, hulipaka rangi, hubandika kwa pini kipande cha kitambaa kwenye pembe ya juu, kisha hutia sahihi chini upande wa kulia. Hiyo ndiyo mbele. Nyuma ya karatasi ile ile fundi huandika ya kwake: kifua, kiuno, urefu, nguo inafungukia wapi na kwa muda gani. Wenyewe husema mbele ni ya mbunifu, nyuma ni ya fundi. Mbunifu anayejiheshimu hageuzi karatasi, kama vile mgeni mwenye adabu asivyofunua sufuria za watu.

Mbunifu wa jumba lile alikuwa mume wa dada yake. Nyumbani Shemeji, kazini Mbunifu. Mwanamume mrefu, mtanashati, mwingi wa masihara, na siku zote mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni. Vijana wa kwaya walimwiga mkao huo wakidhani ni madaha. Hayakuwa madaha. Mkono ule ulitetemeka kama kifuniko cha birika linalochemka, na ulikuwa ukitetemeka hivyo mwaka wa nane sasa. Miaka yote hiyo mbele na nyuma ya kila mchoro vilitoka kwenye mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa wa kushoto.

Ilianza kwa upole. "Nisaidie huu mmoja tu, shemeji yangu, mpaka dawa zishike," alimwambia. Dawa hazikushika. Ule mmoja ukazaa wa pili, wa pili ukaleta ndugu zake, na ikawa kila mchezo mpya Mashoto huamka saa kumi na moja alfajiri, huketi kwenye meza ya jikoni kabla Dada na watoto hawajaamka, na huchora. Shemeji alikuja mwishoni kutia sahihi tu, na hata hiyo aliitia kwa shida. Mitetemo ilipeleka herufi huku na huku mpaka zikawa na mikia na vikolombwezo. Watu wakasema, tazameni, hiyo ndiyo sahihi ya msanii!

Na kwa nini hakukataa? Wewe ungekataa vipi? Mama yao alipofariki, Mashoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, na dada yake alikuwa ndiyo kwanza ameolewa. Shemeji hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe, akajitwika sanduku la mtoto kichwani, akapita nalo barabarani mchana kweupe akiwa na suti yake ya harusi. Shuleni walikuwa wakimpiga mtoto yule kwenye kiganja ili aache kuandika kwa kushoto. Shemeji akampa penseli na kumwambia ashike kwa mkono wowote aliopewa na Mungu. Yeye ndiye aliyemfundisha kuchora. "Usianze na mtu," alikuwa akisema. "Anza na uzito wa nguo. Nguo ikiwa na uzito wake, mtu atakuja mwenyewe kuivaa." Kila mstari aliouchora Mashoto ulikuwa na sauti ya Shemeji ndani yake, kwa hiyo hata yeye, akijihoji vizuri, hakujua mchoro unaanza kuwa wake wapi.

Halafu kulikuwa na nyumba. Vyumba vitatu na stoo nyuma ya jumba la maigizo, mali ya jumba, na nyumba ile ilikwenda na kazi ya mbunifu. Mbunifu akitoka, nyumba nayo inatoka. Dada, watoto wake watatu waliomwita Mashoto mama mdogo, vitanda, kabati, vyungu vya maua mlangoni, vyote vilikuwa vimekalia ile sahihi yenye mikia. Mashoto mwenyewe alilala stoo, na mlango wa stoo ulifungukia jikoni. Hakuweza hata kutoka nje kupunga upepo bila mtu kumwuliza anakwenda wapi. Alimpenda Shemeji, na zipo asubuhi alizomchukia mpaka penseli ikamvunjikia mkononi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilikuwa imechoka kuchota.

Ndipo ukaja ule mchezo wa nyimbo, habari za mwanamke dobi anayedhaniwa kuwa malkia. Mwongozaji wake alikuwa mgeni, mama wa miaka kama sitini, mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, aliyeletwa kwa mchezo ule mmoja tu. Katika wimbo wa tatu alitaka dobi ageuke malkia palepale jukwaani, mbele ya macho ya watu, kabla ngoma haijapigwa mara nane. Shemeji alisimama kikaoni, mkono mfukoni, akasema hilo ni jambo dogo. Akarudi nyumbani uso umemshuka, hata chai hakuimaliza.

Mashoto alihitaji alfajiri nne. Alimchora mwanamke amesimama, bila uso, maana yeye hakuchora nyuso kamwe. Uso atauleta mwigizaji. Upande mmoja wa mwili ni dobi, gauni la kijivu na aproni iliyopauka kwa sabuni. Upande wa pili gauni lile lile limegeuka, bitana imekuja nje, nyekundu iliyoiva, imemwagika mpaka sakafuni. Mbele kiunoni akaweka utepe wa manjano, wa urembo tu. Kisha akageuza karatasi, akachora mgongo: pete ndogo za shaba ishirini na mbili kutoka shingoni hadi kiunoni, kamba moja imepita ndani yake, fundo limefichwa kiunoni upande wa kushoto. Akaandika: "Vuta mara moja kwenda chini. Utepe wa mbele usiguswe kabisa." Huo ulikuwa mchoro bora kuliko yote aliyowahi kuchora, na alilijua hilo, na kulijua kulimuuma.

Shemeji aliutazama kwa muda mrefu. Macho yalimlengalenga. Akatia sahihi, akaondoka nao bila kuugeuza.

Siku tatu kabla ya mazoezi ya maleba, yale ya mwisho ya kuvaa kila kitu, ngazi ya saba ililia, na sauti ya kike ikasema, "Hodi humu."

"Karibu, mama," Mashoto alijibu. "Ingia ubavu, mlango huo haujazoea wageni."

Mwongozaji akaingia ubavu, akakaa juu ya kapu la viatu, akatandaza mchoro wa dobi kwenye meza ya pasi. "Mimi nilisomea kuchora zamani, kabla sijaharibikiwa nikawa mwongozaji," alisema. "Njoo utazame vivuli hivi. Mistari yote inatoka juu kushoto, inaanguka chini kulia. Mtu wa mkono wa kulia huiangusha kinyume chake. Hebu niambie, Mbunifu wenu anatia sahihi kwa mkono gani?"

"Wa kulia, mama."

"Na huo mkasi umeushika kwa upi?"

Mashoto akautazama mkasi wake kana kwamba umemchongea. Juu yao mtu alipita akiburura mguu.

"Usinijibu," mama yule alisema. "Sikuja kukuumbua. Mwezi ujao narudi kwetu. Jumba letu linatafuta mchoraji wa maleba kwa miaka miwili, na wameniachia mimi nichague. Chumba cha kuchorea kiko ghorofa ya tatu, kina madirisha manne. Jua linawasumbua sana, wametundika mapazia." Akakitazama kile kidirisha na ukuta wake, akaguna. "Nautaka mkono huu."

"Kwa nini usiseme wewe, mama? Ukisema wewe, wataamini."

"Nikikusemea, kesho watasema nimemzulia mtu. Na wewe utaishi ukijiambia hukusema, ulisemewa." Akasimama, akajifuta vumbi. "Mimi nina desturi yangu. Siku ya mazoezi ya maleba, kabla ya kuanza, naita kila kazi, na mwenye kazi anasimama mbele ya watu anasema, ni yangu. Seremala, wa taa, wa nywele, wote. Iwe nzuri, iwe mbaya, ina mwenyewe. Nitauliza mchoro huu ni wa nani. Nitauliza mara moja tu."

"Na asiposimama?"

"Basi nitajua macho yangu yamezeeka." Akatoka ubavu kama alivyoingia.

Siku mbili zilizofuata Mashoto alikuwa mtu wa kujigonga mezani. Alishona mkono wa kulia wa koti mahali pa kushoto, kosa ambalo hata mwanafunzi huona haya kulifanya. Madirisha manne yalimkaa kichwani. Alijaribu kuwaza angeweka meza karibu na lipi, akajikuta anatabasamu peke yake, kisha akawakumbuka watoto na tabasamu likamfia usoni. Aliapa kwamba kabla ya kusema mbele ya watu atamwambia Shemeji ana kwa ana. Hilo angalau lilikuwa deni lake kwake.

Mchana wa siku moja kabla ya mazoezi alimkuta ameketi kwenye meza ya jikoni, peke yake, amekunja shati mpaka kwenye viwiko.

"Shemeji, kuna neno nataka kukwambia."

"Na mimi ninalo, tena langu tamu. Njoo uone." Alimsogezea karatasi. Juu yake palikuwa na mstari mmoja, wa penseli, unaopanda na kushuka kama njia ya sisimizi. Ulikuwa mkono wa gauni, au labda shingo ya chupa, ilikuwa vigumu kujua. "Umenyooka, si unauona? Karibu umenyooka. Ni hizi dawa mpya. Jana ulikuwa mbaya kuliko huu."

"Naona, Shemeji."

"Nipe mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu, nakuomba, halafu nitakuachia uende zako."

Kwa hiyo alijua! Miaka minane Mashoto alidhani Shemeji hajui, kwamba mzee wa watu anaona huu ni msaada wa ndugu kwa ndugu. Kumbe alijua amemshika, na alijua kwamba aliyeshikwa anataka kwenda. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kuipasua ile karatasi vipande vipande. Lakini Shemeji alikuwa ameitazama tena, kichwa kimeinama, anaufuata ule mstari kwa kidole kinachotetemeka, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayemtazama mgonjwa wake akifumbua macho.

"Neno lako lilikuwa lipi, shemeji yangu?"

"Bomba la jikoni linavuja," alisema.

Mazoezi ya maleba yalikuwa Ijumaa saa nane mchana, na kwa kawaida familia za wafanyakazi hualikwa kutazama. Dada alikaa safu ya tatu na watoto wake wote, wamepigwa pasi mpaka kola. Mashoto alisimama pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia, mkasi shingoni. Alikuwa ameamua. Usiku kucha alikuwa amebishana na nafsi yake na asubuhi nafsi ikachoka. Shemeji hakutaka kusikia neno jikoni, basi atalisikia humu. Watoto wangehama nyumba, watu huhama nyumba kila siku na hawafi. Angesema maneno mawili tu, ni yangu, na ulimwengu ufanye utakalo.

Mwongozaji akapanda jukwaani na kuanza kuita. "Mandhari ya nyumba na mto, kazi ya nani?" Seremala akanyoosha mgongo. "Ni yangu." "Taa?" "Ni yangu, mama, na ile moja inayopepesa naijua." Watu wakacheka. Akafika kwenye maleba, akainua mchoro juu wauone.

"Kabla sijauliza huu ni wa nani, nataka kuliona vazi likigeuka. Mbunifu, tuonyeshe."

Mwigizaji wa dobi alikuwa amesimama katikati, tayari amevaa. Walimwita Kinanda kwa kuwa hanyamazi kuimba hata anapopiga mswaki. Shemeji akapanda ngazi kwa mwendo wake wa kifahari, mkono mfukoni, akainama kidogo kwa watazamaji. Mashoto akamfanyia ishara kutoka pembeni: nyuma, nyuma! Akajigusa kiunoni kwa mgongoni, akatikisa kichwa. Shemeji akadhani anatakiwa heri, akamtabasamia. Miaka minane hajawahi kugeuza karatasi. Kwa mkono wake mzima akaushika utepe wa manjano, ule wa urembo, akauvuta kwa nguvu zake zote.

Utepe ukavuta bitana, bitana ikavuta kamba, kamba ikajisokota kwenye pete, na gauni lote likapanda juu badala ya kushuka. Likamfunika Kinanda kichwa, likambana mikono yote miwili hewani, likakwama hapo. Kutoka ndani ikasikika sauti ikisema, "Jamani, sioni! Sioni kitu! Nitoeni humu!" Watoto safu ya tatu wakaangua kicheko. Shemeji akavuta tena, na gauni likakaza zaidi.

"Acha!" Mashoto alishafika. "Kinanda, tulia. Usijinyonge. Pumua kidogo kidogo."

"Napumua bitana, dada!"

Akapitisha mkono wake wa kushoto mgongoni, kwa chini, akapapasa pete moja moja kwa ncha za vidole. Ya tisa ilikuwa imelala. Akaisimamisha, akalegeza kamba, akatafuta fundo, akavuta mara moja kwenda chini. Ukijivu wote ukaanguka kwa mkupuo, wekundu ukamwagika mpaka sakafuni, na pale alipokuwa amesimama dobi aliyenaswa akawa amesimama malkia, nywele timutimu, anahema. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Kisha wakapiga makofi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mashoto hakuyasikia kupitia darini. Yalimpiga kifuani.

Makofi yakaisha. Mwongozaji akageuza karatasi, akasoma nyuma, akaigeuza tena.

"Mchoro huu ni wa nani?"

Maneno yalikuwa mdomoni, mawili, yamekaa tayari. Mashoto akafungua kinywa, na hapo ndipo akaona. Katika ile patashika mkono wa kulia wa Shemeji ulikuwa umetoka mfukoni. Ulikuwa wazi pembeni mwa paja lake, unaruka, vidole vinacheza kila kimoja kivyake, na yeye mwenyewe hakujua. Watu wote bado walikuwa wanamtazama malkia. Dada peke yake ndiye aliyekuwa anautazama mkono ule, amewashika watoto wawili mabegani, midomo yake inaenda haraka haraka bila sauti. Baada ya pumzi moja, pengine mbili, ukumbi mzima ungeuona.

Mashoto akapiga hatua. Akaushika ule mkono kwa wake wa kushoto, akaubana kwa nguvu, kama vile mtu anavyompa mwenzake hongera. Aliusikia ukipigana ndani ya kiganja chake, halafu ukatulia.

"Ni wake," alisema. "Na kosa ni langu, mama. Utepe niliushona vibaya."

Mwongozaji akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Haya," alisema. "Wa nywele?"

Wa nywele akasimama akasema ni yangu, na mazoezi yakaendelea.

Jioni ile Dada alikuwa anaosha vyombo na Mashoto anavifuta. Bomba kweli lilikuwa linavuja. Watoto walikuwa nje wakicheza mchezo wa malkia, kila mmoja anataka kuwa yule aliyefunikwa kichwa.

"Mkono wa ule mchoro ni wako," Dada alisema bila kugeuka. "Tumenyonya ziwa moja, nisijue mistari yako?"

Mashoto akaiweka sahani chini. "Umejua tangu lini?"

"Tangu ule wa kwanza."

"Na leo?"

Dada akafunga bomba, likaendelea kudondoka. "Leo nilikuwa namwomba Mungu usiseme." Akaanza kulia, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuona umefungua kinywa, nikaomba ufunge."

"Basi amekusikia, Dada," Mashoto alisema, akachukua sahani nyingine.

Mchezo ulipokelewa vizuri kupita matarajio. Kila siku, ngoma ilipopigwa mara ya nane, watu walisimama kwenye viti, na Shemeji akapelekwa jukwaani kuinamia makofi, mkono mfukoni. Mwongozaji aliondoka mwezi ulipofika, peke yake. Aliwaaga wafanyakazi waliojipanga mlangoni mmoja mmoja kwa mkono wa kulia, na alipofika kwa Mashoto akampa wa kushoto. Meneja akadhani mama wa watu amechanganyikiwa kwa safari.

Wiki iliyofuata Meneja akatangaza kwamba Mbunifu ameongezewa mkataba wa miaka mitano, pamoja na nyumba, na kwamba mchoro wa dobi utatiwa fremu utundikwe ukumbi wa mbele, penye mlango wa wageni. Seremala akashuka na ubao, kioo na kopo la gundi, akaingia ubavu, akaomba kufanyia kazi kwenye meza ya pasi. Shemeji alikuja naye kushuhudia. Seremala akaulaza mchoro kifudifudi, akachovya brashi, akasita.

"Mbona huku nyuma kumechorwa pia? Tena kumechorwa kweli kweli. Mgongo wote, na maandishi. Nikipaka gundi hapa hapatasomeka tena mpaka kiama. Nipake, Mbunifu?"

Shemeji akatazama. Ilikuwa mara ya kwanza kuona nyuma ya mchoro aliotia sahihi. Aliziona pete ishirini na mbili, akaliona fundo, akasoma lile onyo la utepe, na akalisoma tena. Alipoinua uso alikuwa amezeeka.

"Muulize fundi," alisema kwa sauti ndogo. "Nyuma ni kwake."

Seremala akamgeukia Mashoto, brashi inadondosha gundi. Juu ya vichwa vyao mtu alipita akiburura mguu. Nje ya dirisha ukuta wa jirani ulikuwa palepale. Juu ya kabati, ndani ya bahasha mpya, zilikuwa karatasi nyeupe za mchezo unaofuata, maleba thelathini na mbili, zinasubiri alfajiri.

"Paka," Mashoto alisema.

Seremala akapaka, akaugeuza mchoro, akaulaza juu ya ubao. Karatasi ikataka kujikunja kwenye pembe. Akamwomba fundi ashikilie kidogo, na Mashoto akaweka viganja vyake viwili juu yake, akakandamiza mpaka gundi ikashika.